Ntumba za Upande wa Mama

Nyumbani kwa mzee Leonsi, kule Mollo, hakuna mtu aliyesema anachotaka kwa mara ya kwanza. Ukimkaribisha mgeni ugali, atasema ameshiba. Umkaribishe tena, atasema amekula huko alikotoka, tumbo limejaa kabisa. Mara ya tatu ndipo anasogea kunawa, na ugali wote unakwisha. Na mgeni akiaga, mzee Leonsi humwambia, "Kaa kidogo, una haraka gani?" huku mwenyewe keshasimama, kofia mkononi, tayari kumsindikiza. Mgeni naye hujibu, "Nashukuru, nimekaa sana," na safari inaanza. Haijawahi kutokea mgeni akakaa. Angekaa, sijui mzee angemfanyia nini.

Haya nayasema mapema kwa sababu kuna watu wakisikia habari za Rozina huguna na kusema yule dada alikuwa mjinga, elimu yote ile halafu mambo kama yale. Hakuwa mjinga. Alikuwa binti wa Leonsi, basi. Kemia alijifunza chuoni miaka mitatu, lakini adabu ya kwao ilimwingia tangu ananyonya.

Alikuwa amerudi Mollo kumuuguza mama yake, na mama hakupona. Wakamzika wakati wa baridi, upepo wa Ufipa ukipiga makoti ya waombolezaji, halafu watu wakaondoka mmoja mmoja. Kaka zake wakarudi Mpanda na Tunduma kwenye shughuli zao. Nyumba ikabaki na watu wawili, baba na binti. Kazi ya maabara aliyokuwa akiiota haikutokea, kwa hiyo Rozina akaomba kujitolea kufundisha kwenye shule ya sekondari ya kata. Walimpokea kwa mikono miwili, maana kemia haikuwa na mwalimu.

Mchana kutwa ilikuwa "Madam, Madam", watoto wamemzunguka, chaki hadi kwenye nywele. Jioni ikifika, kimya. Wasichana aliosoma nao shule ya msingi walikuwa wameolewa, wengine mjini, wengine huko Kirando ziwani wanaanika dagaa, na aliokutana nao njiani walimsalimia kwa heshima kana kwamba ni mkaguzi wa elimu. Nyumbani alipika ugali, akamtengea baba, wakala. Redio ikasoma taarifa ya habari. Baba akauliza, "Shuleni salama?" Akajibu, "Salama, baba." Baada ya hapo kila mtu na chumba chake. Rozina alikuwa na upweke, na neno lenyewe ndilo hilo, halina haja ya kuremba. Zilikuwako siku alizotembea kutoka shuleni akijisemesha kwa sauti ili tu asikie mtu mzima anazungumza.

Mtu pekee aliyecheka naye alikuwa Hasna. Huyu alikuwa mwalimu wa kujitolea kama yeye, wa jiografia, binti wa mzee Mwinjuma mwenye duka la vipuri pale Milanzi. Kila asubuhi alikuja Mollo kwa bodaboda, baibui limefunikwa kwa koti la baridi la kaka yake, na kabla hajashuka vizuri alikuwa keshaanza kulalamika. Baridi, vumbi, dereva, chai ya shuleni isiyo na tangawizi. Kwa Rozina malalamiko hayo yalikuwa starehe ya siku nzima.

Basi, mwezi wa nne, mvua zinaelekea kukatika, mkuu wa shule, Mwalimu Nestory, aliwaita wote wawili ofisini.

"Ninyi mabinti mnafundisha vizuri," alisema, "na mimi sitaki kuwapoteza. Lakini ajira zikitangazwa hamtaonekana. Shahada mnazo, ualimu hamna. Kasomeeni ualimu, ile stashahada ya uzamili. Ni ya watu kama ninyi hasa, wenye shahada za fani nyingine. Mkirudi nayo, hakuna wa kuwauliza kitu."

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa chuo kimoja cha Iringa, mwaka mzima darasani, kukaa huko huko, na mazoezi ya kufundisha chini ya mkufunzi anayekaa nyuma ya darasa na kukuandikia makosa yako. Ya pili ilikuwa kusoma kwa masafa. Unakaa nyumbani, masomo yanakuja kwenye simu, na mara mojamoja mwishoni mwa juma mnakutana kwenye kituo cha chuo pale Sumbawanga mjini. Hii ya pili humaliza anayeweza kujisukuma mwenyewe, alisema Mwalimu Nestory, na wengi hawawezi.

"Iringa!" Hasna alisema hata kabla hawajafika ofisi ya walimu. "Roza, tunapanga chumba kimoja. Mimi napika, wewe unaosha vyombo. Usinikatalie, shoga, nakujua."

Rozina aliitaka Iringa. Niseme mimi, maana yeye hakusema. Aliitaka mpaka alikuwa akiilalia na kuiamkia. Alitaka kukaa tena kwenye dawati kama mwanafunzi, kubishana na watu wa rika lake kuhusu namna ya kumfundisha mtoto asiyeelewa, kuambiwa "leo umefundisha ovyo" na mtu anayejua kwa nini ni ovyo, halafu warudi chumbani na Hasna wacheke hadi jirani agonge ukuta. Hakutaka cheti tu. Cheti kingepatikana hata kwa simu. Alitaka watu.

Lakini baba je?

Alimweleza baada ya chakula, macho yakiwa kwenye sahani. Alieleza njia zote mbili, na ile ya Sumbawanga akaieleza kwa urefu zaidi, ili baba apate pa kushikia kama anapataka.

"Nenda Iringa, mwanangu," mzee Leonsi alisema papo hapo.

Hiyo ni mara ya kwanza, Rozina akajisemea moyoni. Ya kwanza haihesabiwi.

Baada ya siku chache, wakipukuchua mahindi barazani, mzee akasema tena, "Iringa si mbali siku hizi. Basi linafika siku hiyo hiyo. Wewe nenda." Na alipomwona bado anasitasita, akarudia siku nyingine, tena kwa furaha. "Mimi nitakula wapi? Nitakula tu. Kwani nimekuwa mtoto? Nenda, mama, usiniangalie mimi."

Mara ya tatu! Ee Mungu, Rozina alicheka peke yake jikoni kama mwendawazimu. Mara ya tatu ndiyo mtu ananawa mikono. Akaomba Iringa pamoja na Hasna, na mwezi wa nane majibu yakaja, wote wawili wamepata. Hasna alipiga kigelegele ofisini mpaka wanafunzi wakachungulia dirishani. Siku zile hata mzee Leonsi alichangamka. Alinunua shati. Jumuiya ndogo ya pale mtaani ilisali nyumba kwa nyumba, na kila ibada ilipoangukia kwa Mama Victor, yule mjane anayeanzisha nyimbo kanisani, mzee alinyoa ndevu na kutoka mapema. Rozina alimwangalia akienda na shati lake jipya na akafurahi kwamba baba amepata faraja katika sala.

Pengine wewe umeshaanza kutabasamu. Yeye hakuona kitu. Mtoto hamwoni baba yake kwa jicho hilo.

Sasa sikiliza habari ya ntumba, maana hapa ndipo mambo yalipopindia. Huku kwetu mtu halimi shamba la mwakani mwakani. Mvua zikikaribia kwisha, majani yakiwa mabichi na marefu, anayageuza kwa jembe, anayafunika kwa udongo, anatengeneza vilima vya mviringo, kimoja hapa, kimoja pale, shamba zima. Hivyo ndivyo ntumba. Majani yanaoza humo ndani kiangazi chote. Mvua mpya zikianza, unavibomoa, unausambaza ule udongo mweusi, unapanda ulezi. Kwa hiyo anayetengeneza ntumba anatoa ahadi. Anasema mwakani nitakuwapo. Na ukimtengenezea mtu mwingine kwenye eneo lake, umekwisha kumhesabu kuwa atakuwapo, na mtaa mzima unaelewa bila kuambiwa.

Shamba la mzee Leonsi lilikuwa na pande mbili. Upande wa juu ulikuwa wake. Upande wa chini, kando ya kijito, ulikuwa wa marehemu mkewe. Tangu msiba upande ule ulilala, ukaota nyasi, na Rozina hakukanyaga tena huko. Hakuweza. Lakini siku ile ya mwezi wa nane, majibu ya Iringa yakiwa mfukoni, aliona si vizuri kuondoka bila kumuaga mama pale shambani kwake. Akateremka hadi kijitoni.

Nyasi hazikuwapo. Upande wote wa mama ulikuwa umejaa ntumba.

Alisimama, akainama kuzitazama. Hazikuwa za juzi. Udongo ulikuwa umekauka na kupasuka juu, na mabua ya maharage yaliyopandwa juu yake yalikuwa yamevunwa zamani. Zilikuwa za masika, mwezi wa pili, labda wa tatu. Yaani kabla Mwalimu Nestory hajatamka neno Iringa, baba alikuwa ameshalima upande wa mama, peke yake, na mgongo ule unaomuuma. Na upande wa mama ungekuwa wa nani sasa, kama si wa binti? Jembe la mama lilikuwa la nani?

"Amenihesabu," Rozina alisema kwa sauti.

Akakaa chini kwenye majani makavu na kulia. Aliona yote, maskini, au alidhani ameyaona. Alimwona baba akilima masika yote kwa tumaini kwamba mwakani watapanda wawili. Kisha binti anakuja na habari za Iringa, na mzee anameza donge na kusema nenda, anarudia nenda, ananunua na shati ili aonekane ana furaha. Mdomo ulisema nenda na jembe lilisema kaa, na Mfipa gani anauamini mdomo akaacha jembe?

Ungeniuliza mimi, ningesema, si umuulize baba yako? Njia ni fupi, mzee yuko nyumbani, muulize! Lakini hilo ndilo hasa lisilowezekana kwao. Ukimuuliza atakana. Akikana utakuwa umemlazimisha kusema uongo mbele yako, na hiyo ni aibu kubwa kuliko yote.

Hasna alipoambiwa aliwaka moto.

"Umemuuliza?"

"Hasna, hayo hayaulizwi."

"Hayaulizwi na nani? Sisi kwetu tunauliza! Baba yangu akitaka chai anapiga kelele mpaka wateja dukani wanajua. Roza, utaacha chuo kwa ajili ya vilima vya udongo?"

"Si vilima vya udongo."

"Ni nini basi?"

Rozina hakuweza kumweleza. Walikuwa wamesimama nyuma ya maabara, na Hasna alimkumbatia kwa nguvu, kisha akamsukuma, akaenda zake huku anafuta macho kwa ncha ya mtandio. Mwezi wa kumi alipanda basi la Iringa peke yake. Nafasi ya Rozina ilikwisha kutolewa kwa mtu mwingine.

Alimwambia baba jioni moja, mzee akiwa barazani anatia mpini kwenye jembe jipya.

"Baba, siendi Iringa. Nimechagua hiki cha hapa mjini. Nitasoma nikiwa nyumbani."

Mkono wa mzee ulisimama.

"Haya," akasema. "Vizuri, mwanangu. Umefanya vizuri."

Kisha akaliegemeza lile jembe ukutani, mpini haujakazwa, akaingia chumbani na kufunga mlango. Rozina alidhani mzee amezidiwa na furaha na hataki kulia mbele ya mwanawe. Akapika kuku siku ile.

Halafu akaanza kusoma. Chuo cha masafa hakina kosa lolote, wako watu wamesoma hivyo na leo ni walimu wa kutegemewa. Ila kinahitaji mtu mwenye watu nyumbani. Rozina alikaa chumbani, blanketi magotini, simu imeegemezwa kwenye kikombe, akisikiliza somo la saikolojia ya mtoto, na sauti ya mkufunzi ikikatika alingoja. Akiwa na swali aliliandika, na jibu lilikuja baada ya yeye kulisahau swali. Walipokutana kituoni mjini wenzake walikuwa watu wazima wenye maduka na familia. Kipindi kikiisha kila mmoja alikimbilia kwake. Alitoka nje, akanunua karanga, akazila amesimama, akarudi Mollo.

Hasna alimtumia ujumbe wa sauti karibu kila siku. "Roza, leo mkufunzi kaniambia nafundisha kama napiga mnada! Darasa zima limekufa kwa kicheko!" Na nyuma yake zilisikika sauti za watu wengine, wanawake wanacheka, mtu anauliza chumvi iko wapi. Rozina aliurudia ujumbe huo mara nyingi, na hakuwa anamsikiliza Hasna. Alikuwa anazisikiliza zile sauti za nyuma.

Angalau baba yupo, alijiambia. Angalau hayuko peke yake.

Lakini mzee Leonsi alikuwa amenyauka. Shati jipya lilibaki msumarini. Jumuiya ilipoangukia kwa Mama Victor alisema kichwa kinamgonga. Alikula kidogo, akasema, "Umepika vizuri," akasukuma sahani. Rozina aliongeza mafuta, akaongeza nyanya. Akaenda mjini kumnunulia samaki wa ziwani. Mzee akasema samaki ni mtamu, akamwacha nusu.

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku wa kuamkia Jumamosi. Asubuhi ardhi yote ilinukia. Rozina aliamka na furaha ambayo hakuwa nayo kwa miezi. Hii ndiyo siku aliyoiachia Iringa. Akachukua jembe la marehemu mama darini, akateremka kijitoni kimyakimya kabla baba hajatoka, ili mzee akifika amkute binti yake keshaanza.

Alimkuta Mama Victor.

Mjane alikuwa amefunga kitenge vizuri kiunoni, miguu mitupu kwenye tope, na mstari mzima wa ntumba ulikuwa umeshabomolewa, udongo mweusi umetandazwa kama unga. Alipomwona Rozina alishtuka, akaangusha jembe, akachuchumaa na kupiga makofi taratibu, salamu ya Kifipa ya heshima kamili, ambayo mtu mzima hampi binti wa nyumba vivi hivi.

"Shikamoo, mama," Rozina alisema.

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Kumbe baba amekuomba umsaidie? Angeniambia mimi."

Mama Victor alimtazama, kisha akatazama chini.

"Hakukwambia," alisema. Halikuwa swali.

"Kuniambia nini?"

"Yesu wangu. Mwanangu, mimi nilimwambia, mzee, ntumba hazijui kungoja. Zikikaa mwaka wa pili zinaota nyasi upya, kazi yote imekwenda bure. Mtoto ameamua kukaa, basi akae, hafukuzwi. Lakini mimi nije nizibomoe tu, nipande, mvune wenyewe, mimi nirudi kwangu. Nilidhani ningemaliza asubuhi hii bila kukuudhi."

"Ni za upande wa mama," Rozina alisema.

"Najua. Mzee aliniposa mimi mwezi wa pili. Na nilipokubali, kesho yake akaja kulima huku." Mama Victor alikuwa anapangusa viganja kwenye kitenge, anapangusa tena. "Matangazo ya ndoa yangesomwa kanisani ukishakwenda chuo. Alisema hawezi kuniingiza kwenye jiko la mama yako na wewe unapika humo. Na mimi nikaona ana haki. Tulikuwa tunangoja tu uende, mwanangu."

Hakusema kwa ubaya. Afadhali angesema kwa ubaya, Rozina angepata pa kushika.

Rozina aliona aibu kwanza, aibu ya moto, kuanzia shingoni. Baada ya aibu ilikuja hasira, na hasira haikujua imwendee nani. Mwaka mzima! Alikuwa ameutoa mwaka wake, na chumba cha Hasna, na zile sauti za nyuma, akavitoa kwa mtu ambaye hakuviomba, na vilipomfika vikamziba njia. Alidhani yeye ndiye anayezuia baba asiwe peke yake. Kumbe ndiye aliyemfanya awe peke yake.

Angeweza kugeuka na kuondoka. Badala yake aliinua jembe la mama akaanza mstari wa pili, maana mvua imenyesha na kazi iko mbele ya macho. Mama Victor aliokota lake. Walifanya kazi sambamba mpaka jua likapanda, na mjane hakumpita hata mara moja ingawa alikuwa na mkono mwepesi kuliko yeye.

Nyumbani alimkuta mzee barazani. Alitazama tope miguuni mwa binti yake, akatazama jembe, akajua.

"Nilikwambia nenda," mzee Leonsi alisema taratibu.

"Ulisema, baba."

"Mara tatu."

"Mara tatu. Kisha nikaziona ntumba, nikajua ni zangu. Nikaona unataka nikae."

Mzee alivua kofia, akaizungusha mikononi. "Mimi niliona huna hamu ya safari. Nilidhani unaogopa kwenda mbali. Mtoto akisema anakaa kwa baba yake, baba aseme nini? Hapana, toka?"

"Ungeniambia habari za Mama Victor."

"Ningekwambiaje?" mzee alisema. "Ningeanzia wapi, mwanangu?"

Hata Rozina asingejua pa kuanzia. Walikaa pale, wawili hao, kila mmoja amempa mwenzake zawadi ya kumfunga miguu. Alitaka kumlaumu na alitaka kumkumbatia. Akaenda kuchemsha maji ya kunawa.

Jumatatu alipotoka shuleni alikwenda Milanzi, nyumbani kwa kina Hasna. Mama yake Hasna, Bi Mwanaheri, hakumwacha hata amalize maneno. Chumba kipo, kitanda kipo, na tangu mtoto aende Iringa nyumba imepooza. Alimfungulia mlango. Kwenye msumari lilitundikwa koti la baridi la bodaboda, na mtandio mmoja uliosahauliwa. Rozina alikaa kitandani kwa Hasna akajaribu godoro kwa kiganja. Kumbe watakuwa na chumba kimoja kweli, ila kwa zamu.

Alimwambia baba kwamba kituo cha chuo kimetaka wanafunzi wakae karibu, mtandao wa Mollo unasumbua, na shuleni atakuja kila asubuhi kwa bodaboda. Kulikuwa na ukweli kidogo humo, ule wa mtandao. Mzee alisikiliza hadi mwisho bila kuuliza swali hata moja. Jioni hiyo alilikaza lile jembe jipya, na shati halikuwapo tena msumarini.

Siku ya kuhama alifungasha vitabu, nguo, na picha ya mama. Jembe la mama alilirudisha darini, akafikiri, akalishusha, akaliegemeza jikoni mahali ambapo mtu mwingine angeliona kwa urahisi. Alipotoka barazani bodaboda alikuwa anangoja njiani, pikipiki inanguruma.

"Haya, baba," alisema. "Mimi nakwenda."

"Kaa kidogo, mwanangu," mzee Leonsi alisema. "Una haraka gani?"

Rozina aliinua macho. Baba yake alikuwa ameshasimama. Mkono mmoja ulikuwa umebeba mfuko wa binti yake, na mwingine ulikuwa umeshika kofia.

"Nashukuru, baba," alisema. "Nimekaa sana."